Jimmie Rodgers, yodel na koo lako: jibu kwa mwimbaji wa kantri

*“Mimi ni kijana wa miaka 29, naimba kantri hotelini na kwenye harusi huku Kericho. Bibi yangu alikuwa akiimba kipande cha wimbo wa Chemirocha, na majuzi tu ndipo nilipojua kwamba Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Nimeanza kujifunza wimbo wake ‘Blue Yodel’, lakini ile sauti ya kuruka juu inanishinda. Nikisukuma, sauti inakatika au natoa mlio wa mtu aliyekabwa. Kwa wiki tano sasa nina kikohozi, na asubuhi sauti ina mkwaruzo. Rafiki yangu anasema Rodgers alikuwa na TB na ndiyo iliyompa sauti ile, kwamba aliwaibia watu weusi blues yao, na kwamba aliwahi kuja kuimba Kenya. Gitaa langu ni kavu, nyuzi ziko juu mno, vidole vinachubuka. Nifanyeje niimbe kama yeye, na mtu anaanzia wapi akitaka kuishi kwa muziki huu kama alivyoishi yeye?”*

Ndugu yangu, swali lako lina mambo mengi na nitayagusa yote, lakini moja haliwezi kusubiri mazoezi. Kikohozi cha wiki tano kinatakiwa kupimwa wiki hii. Nenda kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe, useme waziwazi kwamba umekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, na uombe kupimwa kifua kikuu. Watachukua makohozi, na kipimo na dawa katika vituo vya umma Kenya havilipiwi. Waambie pia kama unatokwa jasho jingi usiku, umepungua uzito, au unapata homa za jioni. Huenda ikawa ni mzio, au asidi inayopanda kutoka tumboni, au kazi ya kuimba juu ya kelele za ukumbi wenye moshi. Lakini TB inaweza kushika hata koo lenyewe na kuleta mkwaruzo unaousema, na kwa sikio peke yake hakuna anayeweza kuitofautisha na uchovu wa sauti. Mpaka upate majibu, usifanye zoezi lolote la yodel, ile sauti ya kuruka ghafla kutoka chini kwenda juu, nitakaloeleza hapa chini, na usiimbe kwenye vyumba vidogo vilivyofungwa madirisha. Fanya mazoezi ya gitaa tu. TB ikiondolewa shaka na mkwaruzo ukaendelea kupita wiki tatu, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Yeye ana kamera ndogo ya kutazama nyuzi za sauti zenyewe, na hakuna mwalimu wa kuimba anayeweza kufanya kazi hiyo badala yake.

Hapo ndipo ninapotaka kumjibu rafiki yako kuhusu TB. Ni kweli Rodgers aliugua. Aligunduliwa mwaka 1924, akiwa bado mfanyakazi wa reli na hajarekodi wimbo hata mmoja. Si kweli kwamba ugonjwa ulimpa sauti. Yodel ilikuwa ikisikika kwenye majukwaa ya Marekani tangu karne ya 19, na mpiga gitaa wa jimbo la Georgia, Riley Puckett, alikuwa amekwisha kuirekodi mwaka 1924, miaka mitatu kabla ya Rodgers. TB ilimfanyia kinyume: ilimpunguzia pumzi na nguvu, ikamfukuza kwenye kazi ya reli, na ikamlaza kila alipozidisha safari. Aliimba juu ya ugonjwa huo bila kuuficha, katika “T.B. Blues” ya 1931. Dawa ya kwanza iliyoweza kuuangamiza, streptomisini, iligunduliwa mwaka 1943. Yeye alikuwa amekufa tangu tarehe 26 Mei 1933, akiwa na miaka 35. Wewe una dawa ambayo yeye hakuipata, kwa hiyo nakuomba sana usiulee ugonjwa wowote kwa kudhani unajenga sauti.

Kenya hakuja, wala hakukanyaga Afrika. Zilizokuja ni santuri zake. Zilichezwa kwenye gramafoni za wakati wa ukoloni, jina lake likageuzwa kwa matamshi ya Kipsigis likawa Chemirocha, na mgeni huyo asiyeonekana, mwenye sauti inayoruka, akaingia kwenye nyimbo za wenyeji kama kiumbe nusu mtu, nusu swala. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi nyimbo hizo mwaka 1950 huko Kapkatet, si mbali na unapoishi, na ile inayojulikana zaidi huimbwa na wasichana. Rodgers alikuwa ameshalala kaburini miaka 17. Alichoimba bibi yako kina historia yake kamili, na kukijua vizuri, maneno yote na jinsi ya kukiimba, kutakufaa kuliko yodel kumi za kuigiza. Nitarudi hapo.

Sasa, alikuwa nani hasa? Alizaliwa Septemba 1897, na mji aliouita kwao ni Meridian, Mississippi. Baba yake alikuwa msimamizi wa kikundi cha wafanyakazi wa njia ya reli. Mama alikufa Jimmie akiwa mdogo. Alifanya kazi relini tangu ujana, akiwapelekea maji vibarua na baadaye akiwa mtu wa breki, yule anayetembea juu na kati ya mabehewa kuyafunga breki na kuyaunganisha. Vibarua wengi wa njia walikuwa weusi, na walifanya kazi kwa kuimba. Hapo ndipo alipokusanya mistari ya blues, namna ya kuivuta sauti nyuma ya mpigo, na mengi ya gitaa na banjo.

Suala la wizi linahitaji uaminifu wa pande zote. Mistari mingi ya “Blue Yodel” zake ilikuwa mali ya wote, ikisafiri kutoka mwimbaji hadi mwimbaji. Yeye aliipanga, akaongeza yake, hakimiliki ikaandikwa, na fedha zikaenda kwake na kwa mchapishaji wake. Vibarua wa Meridian hawakupata kitu. Hilo ni deni halisi na halifai kufunikwa. Lakini si kweli kwamba watu weusi hawakumpenda. Howlin’ Wolf, mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa blues, alisimulia kwamba alijaribu yodel ya Rodgers, ikamshinda, ikatoka mlio wa mbwa mwitu uliompatia umaarufu. Tarehe 16 Julai 1930, huko Los Angeles, Rodgers alirekodi “Blue Yodel No. 9” na Louis Armstrong, nguli wa jazi, kwenye tarumbeta na Lil Hardin Armstrong kwenye piano. Isikilize kwa makini. Armstrong anajibu kila mstari, na Rodgers anamwachia nafasi. Kisha ujue kwamba majina ya Armstrong na mkewe hayakuandikwa kwenye lebo ya santuri hiyo. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Ndiyo maana swali la “ni blues au kantri” halina jibu moja. Makampuni ya santuri yaligawa katalogi zao mafungu mawili, moja la kuwauzia wateja weusi na jingine la wazungu wa mashambani. Mpaka huo uliwekwa dukani. Rodgers aliuzwa upande wa pili, lakini umbo la nyimbo zake kubwa ni blues ya baa 12, yaani vipande 12 vya mipigo minne minne, na juu yake ameweka kitu ambacho wengine hawakukiweka hapo: yodel mahali pa kiitikio.

Umbo hilo ujifunze kwanza kwa mkono. Katika G, unapiga baa nne za kordi ya G, mbili za C, mbili za G, mbili za D7, mbili za G. Kila baa ina mipigo minne. Mstari wa kwanza wa maneno unakaa kwenye G, unarudiwa C inapoingia, na mstari wa tatu, wenye jibu, unaangukia D7. Yodel inakuja baada ya jibu.

Gitaa la Rodgers ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na kwenye nyimbo ngumu aliwaita wapigaji wengine, akiwemo Joe Kaipo, Mhawaii aliyepiga gitaa la chuma. Mkono wake wa kulia unafanya besi, ridhimu, besi, ridhimu. Kwenye G, mpigo wa kwanza ni uzi wa sita ulioshikwa freti ya tatu, wa pili ni kuchapa nyuzi nyembamba kwa wepesi, wa tatu ni uzi wa nne mtupu, wa nne ni kuchapa tena. Kwenye C, besi ni uzi wa tano freti ya tatu, kisha uzi wa nne freti ya pili. Kwenye D7, ni uzi wa nne mtupu, kisha uzi wa tano mtupu. Kama umekulia kwenye gitaa la George Mukabi au la Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, Kongo, mkono wako una tabia ya gumba na kidole cha shahada kusuka noti moja moja bila kuchapa. Ni ufundi mkubwa, na kwa maoni yangu ni mgumu kuliko huu, lakini hapa utajaza nafasi ambazo Rodgers aliziacha wazi kwa ajili ya sauti.

Kinachomtambulisha ni ngazi za besi kati ya kordi na kordi. Kutoka G kwenda C, tumia mipigo mitatu ya mwisho ya baa ya G: uzi wa sita freti ya tatu, uzi wa tano mtupu, uzi wa tano freti ya pili, na kordi ya C iangukie mpigo wa kwanza wa baa inayofuata na besi yake ya freti ya tatu. Kurudi, shuka uzi wa tano: freti ya tatu, ya pili, mtupu, kisha G. Kwenda D7, panda uzi wa tano freti ya pili, ya tatu, ya nne, kisha uzi wa nne mtupu. Kosa la kawaida ni kukimbia kwenye ngazi kisha kusubiri kordi. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mipigo, kwenye 80 kwa dakika, piga ngazi peke yake bila kuimba mpaka mguu usibabaike, ndipo uongeze maneno.

Jambo moja la kuangalia: Rodgers hakuheshimu hesabu ya baa. Aliongeza mipigo miwili hapa, akakata mmoja pale, hasa yodel ilipomnogea. Ukiwa peke yako, hilo lina raha yake. Ukiwa na mpiga besi na mpiga kinanda, ni ajali. Patana nao kwamba yodel inachukua baa nne, mbili za D7 na mbili za G, na uwape ishara ya kichwa ukitaka kurudia.

Kabla ya mazoezi hayo, gitaa lenyewe litengenezwe. Chukua rula ya milimita, uisimamishe kwenye freti ya 12, upime nafasi kati ya juu ya chuma cha freti na chini ya uzi. Uzi wa sita ukiwa karibu milimita 2.5 na wa kwanza karibu 2, gitaa linachezeka. Ukipata 4, maumivu yako si ya uanafunzi. Sababu huwa tatu. Shingo inaweza kuwa imepinda mbele kwa mvuto wa nyuzi: bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama nafasi kwenye freti ya saba. Inapaswa kuwa nyembamba sana, robo ya milimita hivi. Ikizidi, kuna fimbo ya chuma ndani ya shingo ambayo hukazwa kwa ufunguo, robo ya mzunguko kwa wakati mmoja, kisha unaacha gitaa litulie na kupima tena. Sababu ya pili ni kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi juu ya daraja kuwa kirefu. Ukitaka uzi ushuke milimita moja kwenye freti ya 12, unasugua milimita mbili chini ya kipande hicho, kwa msasa uliolazwa juu ya meza bapa. Sababu ya tatu ni daraja kuanza kubanduka au ubao wa mbele kuvimba. Kwenye hewa ya unyevu kama ya Kericho, ubao hunyonya maji, ukainuka na kuinua nyuzi. Karatasi ikipenya chini ya daraja, legeza nyuzi siku hiyo hiyo na umpelekee fundi wa magitaa. Gundi ya dukani itaharibu kazi yake.

Angalia pia kama gitaa lako lilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Ni mengi mitaani yaliyofungwa nyuzi za chuma bila kujua, na chuma huvuta kwa nguvu kubwa zaidi mpaka daraja ling’oke. Shingo pana na kichwa chenye nafasi mbili wazi katikati ni dalili. Kama ni la chuma, funga seti nyepesi, inayoanzia inchi 0.011 au 0.012 kwa uzi wa kwanza.

Sasa yodel, na hapa nina habari njema. Ile sauti yako inayokatika ndiyo yodel yenyewe. Nyuzi za sauti zina namna mbili kuu za kutikisika. Katika sauti ya kifua, ile unayoongelea, zinakuwa fupi na nene na zinagusana kwa unene wake wote. Katika sauti ya juu nyembamba, misuli mingine inazivuta, zinakuwa ndefu na nyembamba, na kingo tu ndizo zinazotikisika. Waimbaji wa kwaya hufundishwa kuificha njia ya kutoka moja kwenda nyingine. Mwimba yodel anaiacha wazi kwa makusudi, mruko mmoja, bila daraja. Wewe unafika kwenye mkato huo, unaogopa, unasukuma hewa zaidi ili sauti ya kifua ipande kwa nguvu. Misuli ya sauti ya kifua haiachii, ya juu inavuta, na koo linajibana katikati. Huo ndio mlio wa kukabwa. Dawa yake ni kupunguza hewa, na noti ya juu iwe ndogo kuliko ya chini. Maikrofoni itafanya kazi iliyobaki.

Watu huniuliza kama vigelegele ni yodel. Hapana. Kwenye vigelegele sauti inabaki juu na ulimi ndio unaocheza. Lakini mtu anayepiga vigelegele vizuri tayari anaijua sauti ya juu isiyosukumwa, na akina mama huwa wanafunzi wepesi kwa sababu hiyo.

Ukishapata majibu mazuri ya hospitali, fanya hivi, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, si zaidi. Piga uzi wa tatu mtupu, ambao ni G, uimbe “yo” kwa sauti ya kuongea tu. Nyamaza sekunde moja. Piga uzi wa kwanza mtupu, ambao ni E, uimbe “i” nyembamba, laini, yenye hewa kidogo. Hapo kwa wanaume wengi ndipo sauti hubadilika yenyewe, kwa hiyo usipigane nayo. Rudia hivyo kwa siku tatu au nne na nafasi ya kimya katikati, mpaka kila noti ijue mahali pake. Kisha ondoa kimya: “yo-i”. Kisha rudi: “yo-i-o”. Irabu zinasaidia sana, kwa sababu “o” hupenda kukaa chini na “i” hupenda kuruka, na anayezungumza Kiswahili anazo irabu hizo safi mdomoni tangu utotoni. Ikitulia, hamia uzi wa pili mtupu kwa noti ya chini na uzi wa kwanza freti ya tatu kwa ya juu. Mwisho ongeza silabi, “yo-le-i-hi-o”, polepole, kabla ya kuiweka juu ya D7 na G.

Simama mbele ya kioo. Kidevu kikipanda noti ya juu inapokuja, umeanza kusukuma. Shingo ikitoka mishipa, ni hivyo hivyo. Ukipata maumivu, au sauti ya kuongea ikibaki na mkwaruzo nusu saa baada ya zoezi, acha mpaka kesho. Kunong’ona si mapumziko, maana watu wengi hubana koo wakinong’ona. Kunyamaza ndiko mapumziko. Tangawizi na asali vinafariji, vitumie, ila jua kwamba unachomeza hakipiti juu ya nyuzi za sauti, kinateremka njia ya chakula. Zinachohitaji ni maji ya kutosha mchana kutwa. Pipi kali za minti ziache kabla ya shoo, zinalitia koo ganzi na kukuficha maumivu ambayo ulipaswa kuyasikia.

Tukija kwenye riziki, maisha ya Rodgers kazini yanafundisha mengi, mazuri na mabaya. Mwaka 1927 alikuwa mtu wa karibu miaka 30, mgonjwa, ana mke na mtoto, akiimba redioni Asheville, North Carolina, na kikundi kilichoitwa Tenneva Ramblers. Walikwenda Bristol, mji ulio mpakani mwa Tennessee na Virginia, ambako Ralph Peer wa kampuni ya Victor alikuwa akirekodi wasanii wa eneo hilo. Usiku wa kuamkia kazi waligombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri. Kikundi kikamwacha. Tarehe 4 Agosti aliingia peke yake na gitaa, akarekodi nyimbo mbili, akalipwa dola 100. Santuri ile haikuvuma sana. Hakukaa nyumbani kusubiri. Alijipeleka New York kwa gharama zake, akampigia Peer simu, akamwambia yuko tayari kurekodi tena. Tarehe 30 Novemba, huko Camden, New Jersey, akarekodi nyimbo nne, mojawapo “Blue Yodel”, ile ya “T for Texas”. Hiyo ndiyo iliyofungua milango yote.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwa nini Peer alimtaka. Peer alikuwa amepatana na Victor kwamba hatadai mshahara, mradi hakimiliki za nyimbo ziwe chini yake. Kwa hiyo nyimbo za watu wengine hazikumsaidia. Alihitaji mwimbaji mwenye nyimbo mpya, kila mara. Rodgers alirekodi nyimbo takriban 110 kwa miaka sita isiyotimia, na tatizo lake kubwa mara nyingi lilikuwa kukosa nyimbo za kutosha. Shemeji yake, Elsie McWilliams, alitunga au kusaidia kutunga zaidi ya 30. Kama unaishi kwa kuimba nyimbo za watu hotelini, unalipwa usiku ule tu. Tunga zako.

Fedha zake zilitoka pembe tatu zilizoshikana: santuri zilijaza mahema ya maonyesho na kumbi, mahema yakauza santuri, redio ikatangaza vyote viwili. Na zilitoka mikononi kwa kasi ile ile. Mwaka 1929 alijijengea jumba Kerrville, Texas, akaliita Blue Yodeler’s Paradise, kisha akalazimika kuliachia. Matibabu yalikuwa ghali, alikuwa na mkono wazi, na mdororo wa uchumi uliporomosha mauzo ya santuri nchi nzima. Mei 1933 alisafiri tena kwenda New York kwa sababu familia ilihitaji fedha. Alirekodi nyimbo 12 ndani ya siku chache, akilala kwenye kitanda kidogo cha kambi kati ya wimbo na wimbo, akiwa na muuguzi. Wa mwisho aliurekodi tarehe 24. Siku mbili baadaye alikufa hotelini. Mwaka 1961 alikuwa kati ya watatu wa kwanza kuingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa kantri, pamoja na Fred Rose na Hank Williams, lakini heshima hiyo haikulipa deni lolote.

Kwako, ningeanza hivi. Kwenye shoo ya hotelini, usizidishe yodel tatu. Rodgers mwenyewe alichanganya blues na nyimbo za treni, za mama na za nyumbani, na koo likapumzika. Weka “Waiting for a Train” karibu na mwanzo, haichoshi na watu wanaipokea haraka. Kisha tengeneza Chemirocha ya bibi yako kwa gitaa lako. Waulize wazee wa ukoo maneno yote, urekodi kwa simu, uandike nani amekupa nini, na ukipata fedha kwa wimbo huo uwagawie. Hotelini hapo hakuna mwingine mwenye wimbo huo.

Nyimbo zako uzisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kabla ya kumpa mtu yeyote faili. Mtu akikuletea mkataba, uliza kwanza nani anamiliki utunzi na nani anamiliki rekodi, maana ni haki mbili tofauti. Uliza ni kwa miaka mingapi, na kama fedha unayopewa mkononi leo itakatwa kwenye mrabaha wa kesho. Asipotaka mwanasheria ausome, usiweke sahihi.

Na kama utataka kutoa rekodi ya wimbo wa Rodgers, usidhani kila kitu ni bure kwa kuwa ni vya zamani. Kenya hakimiliki ya utunzi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliokufa mtunzi. Ya Rodgers mwenyewe imepita, lakini McWilliams alifariki mwaka 1985. Tazama jina la mtunzi wimbo kwa wimbo, na likiwemo lake, omba ruhusa kabla ya kuingia studio.